Bingwa wa 1924 ni nani? Namna ya kuandika msimu wa soka la Uingereza katika kamusi elezo

Chukua msimamo wa mwisho wa Ligi Daraja la Kwanza ya Uingereza, msimu wa 1923–24, uuingize kwenye kompyuta, kisha uiambie ipange timu kama tulivyozoea leo: pointi kwanza, halafu tofauti ya mabao, halafu mabao ya kufunga. Itakuletea Cardiff City kileleni. Cardiff walimaliza na pointi 57, wamefunga mabao 61 na kufungwa 34. Huddersfield Town nao walikuwa na pointi 57, mabao 60 kwa 33. Tofauti ni 27 kwa kila timu, ila Cardiff wana bao moja zaidi la kufunga.

Lakini Cardiff hawajawahi kuwa mabingwa wa Uingereza. Ubingwa ulikwenda Huddersfield, kwa kuwa enzi hizo timu zilizolingana pointi zilitenganishwa kwa uwiano: mabao ya kufunga yanagawanywa kwa mabao ya kufungwa. Ukigawa 60 kwa 33 unapata 1.818. Ukigawa 61 kwa 34 unapata 1.794. Cardiff walikosa penalti katika mechi yao ya mwisho ugenini kwa Birmingham, wakatoka suluhu, na Huddersfield wakaanza safari ya kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo.

Anayeanza kuandika kamusi elezo huamini kazi yake ni kukusanya namba. Namba ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua ni kwamba kila namba iliyomo kwenye msimamo wa ligi imepita mikononi mwa kamati fulani iliyoamua ihesabiwe vipi, na maamuzi hayo yamebadilika mara nyingi tangu klabu 12 zilipoanza ligi Septemba 1888. Ushindi ulikuwa na pointi 2 hadi msimu wa 1980–81; pointi 3 zikaanza msimu uliofuata. Uwiano wa mabao ulitumika hadi 1975–76, kisha tofauti ya mabao ikashika nafasi yake. Preston North End, mabingwa wa kwanza kabisa, walicheza mechi 22, wakashinda 18, wakatoka sare 4, hawakufungwa mechi hata moja, wakapata pointi 40. Kwa hesabu ya sasa zingekuwa 58. Hiyo 58 haina nafasi kwenye jedwali la msimu wa 1888–89, hata kama inamsaidia msomaji wa leo kulinganisha. Jedwali linaandikwa kwa sheria ya siku ile. Ulinganisho, ukihitajika sana, unawekwa kwenye tanbihi.

Ndiyo maana ukurasa wa msimu unapaswa kutaja, tena mapema, timu zilitenganishwa kwa kigezo gani. Kuna misimu ambayo bila sentensi hiyo msomaji hawezi kuelewa chochote. Mwaka 1989 Arsenal na Liverpool walimaliza na pointi 76 kila mmoja na tofauti ya mabao 37 kila mmoja. Arsenal wakachukua ubingwa kwa sababu walikuwa wamefunga mabao 73 na Liverpool 65. Bao la Michael Thomas dakika za nyongeza pale Anfield, tarehe 26 Mei, linajulikana na kila shabiki wa umri fulani. Kilichosahaulika ni kanuni iliyolipa bao hilo thamani yake: ushindi wa 1–0 usingetosha, ilibidi uwe wa mabao mawili.

Ukurasa wa kitu gani?

Kabla hujaandika, amua unaandika ukurasa wa nini, maana maneno "msimu wa 2024–25" yanaweza kubeba vitu vitatu tofauti. Upo ukurasa wa soka la nchi nzima katika msimu huo: madaraja yote ya wanaume na wanawake, vikombe, timu ya taifa, klabu zilizofilisika, makocha waliofukuzwa, wachezaji wa zamani waliofariki. Upo ukurasa wa shindano moja, mathalani Ligi Kuu au Kombe la FA. Na upo ukurasa wa klabu moja, unaoifuata timu hiyo katika kila shindano iliyoingia, usajili wake na wafungaji wake.

Jambo moja likae nyumbani kwake, kurasa nyingine zilielekeze tu. Jedwali kamili la Ligi Kuu likinakiliwa kwenye kurasa za klabu zote 20, siku likirekebishwa (na litarekebishwa, tutaona) utakuwa na kurasa 20 zinazosema uongo.

Ukurasa wa klabu ndio unaovutia mashabiki, na ndio unaoharibika kwa urahisi. Si kila klabu katika kila msimu inastahili ukurasa wake. Kipimo kinachokubalika ni kama waandishi wasio na uhusiano na klabu wameuandika msimu huo kwa kina, si kuripoti matokeo tu. Kwa klabu za Ligi Kuu, kipimo hicho hupita bila jasho. Ukishuka hadi daraja la tano au la sita, mara nyingi aya mbili ndani ya historia ya klabu zinatosha. Kwa maoni yangu, ukurasa wenye matokeo 46 ya Championship (daraja la pili) yaliyopangwa vizuri, bila aya hata moja inayosema timu ilipanda au ilishuka kwa nini, afadhali usiwepo. Huo ni ubao wa matokeo.

Kuna pia suala la mpaka. Kwa Kiswahili tunasema Uingereza tukiwa na maana ya England, mara nyingine tukiwa na maana ya dola nzima. Kwenye soka mambo hayo mawili hayalingani. Uskoti ina ligi yake. Wales nayo inayo, ila Cardiff, Swansea, Wrexham na Newport ni klabu za Wales zinazocheza katika mfumo wa England. Wrexham wamepanda daraja mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na habari hiyo ni ya ukurasa wa soka la England ingawa uwanja wao uko Wales. Cardiff waliwahi kulitoa Kombe la FA nje ya England, mwaka 1927 walipoifunga Arsenal 1–0, na hakuna klabu nyingine iliyofanya hivyo.

Majina yanayohama

Leeds United walitwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza msimu wa 1991–92. Newcastle United wakatwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza msimu wa 1992–93. Ukiziweka sentensi hizo mbili jirani bila maelezo, msomaji atadhani Newcastle walikuwa mabingwa wa nchi. Hapana. Katikati ya misimu hiyo klabu za juu zilijitenga na kuanzisha Ligi Kuu, yenye timu 22 mwanzoni na 20 kuanzia 1995–96, na lililokuwa Daraja la Pili likarithi jina la Daraja la Kwanza. Leeds walikuwa mabingwa wa Uingereza. Newcastle walipanda daraja. Mwaka 2004 majina yakahama tena: daraja la pili likaitwa Championship, la tatu League One, la nne League Two. Kwa hiyo timu iliyo "League One" leo iko ngazi ya tatu.

Dawa yake ni kuandika jina la wakati huo pamoja na ngazi: "Daraja la Kwanza, ambalo msimu huo lilikuwa ngazi ya pili". Inachosha kidogo, lakini inazuia makosa mengi. Vivyo hivyo kwa klabu. Msimamo wa 1898–99 una Newton Heath, si Manchester United, kwa sababu jina jipya lilikuja 1902. Accrington waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi mwaka 1888 si Accrington Stanley. Ni klabu mbili tofauti kutoka mji mmoja, na kiungo kinachompeleka msomaji kwenye klabu isiyo yenyewe ni kosa baya kuliko kukosa kiungo.

Hapa pia ndipo unapotakiwa kukataa tabia iliyoenezwa na televisheni ya kuhesabu historia kuanzia 1992. Erling Haaland alifunga mabao 36 ya ligi msimu wa 2022–23, na hiyo ni rekodi ya Ligi Kuu. Dixie Dean wa Everton alifunga 60 msimu wa 1927–28 katika daraja la juu la nchi hiyo hiyo. Zote mbili ni kweli, mradi uandike rekodi ya nini.

Mechi zilizochezwa lakini hazipo

Tarehe 16 Desemba 2023 Bournemouth walikuwa wakicheza na Luton Town. Elijah Adebayo aliifungia Luton mapema, Dominic Solanke akasawazisha kipindi cha pili, na muda mfupi baadaye nahodha wa Luton, Tom Lockyer, akaanguka uwanjani kwa tatizo la moyo. Mechi ikavunjwa. Lockyer alinusurika. Mechi ilirudiwa yote tangu dakika ya kwanza tarehe 13 Machi 2024; Luton wakaongoza 3–0, Bournemouth wakashinda 4–3.

Sasa, mabao ya Adebayo na Solanke ya Desemba yako wapi? Hayapo. Mamilioni waliyaona, kamera ziliyarekodi, lakini kwenye hesabu za ligi hayakufungwa. Jedwali la wafungaji halina budi kuyaacha. Maelezo ya msimu, kwa upande mwingine, hayawezi kuyaruka, maana tukio la siku ile ni sehemu kubwa ya msimu wa Luton, timu iliyoshuka daraja miezi michache baadaye.

Luton hao hao walikuwepo mwaka 1961. Katika Kombe la FA, Denis Law alifunga mabao sita akiwa na Manchester City kwenye uwanja wa Luton uliojaa maji, City wakiongoza 6–2, mwamuzi akasimamisha mchezo zikiwa zimebaki dakika 21. Mechi iliporudiwa Luton wakashinda 3–1. Bao pekee la City lilifungwa na Law. Kitabu cha kumbukumbu kina bao moja; aliyekuwa uwanjani mara zote mbili aliona saba.

Mambo huwa magumu zaidi klabu nzima inapotoweka katikati ya msimu, kwa sababu mamlaka za soka hazijawahi kuwa na jibu moja. Leeds City walifukuzwa kwenye ligi Oktoba 1919 baada ya mechi nane. Port Vale wakaingia mahali pao na kurithi pointi zao, kwa hiyo safu ya Port Vale ya msimu wa 1919–20 ina matokeo ambayo wachezaji wake hawakuyacheza. Accrington Stanley walijitoa Machi 1962 wakiwa wamecheza mechi 33, na safari hii matokeo yote yakafutwa, wapinzani wao wakirudishiwa hesabu kana kwamba hawakukutana nao. Bury walifukuzwa tarehe 27 Agosti 2019 kabla ya kucheza mechi yoyote ya ligi msimu huo, League One ikabaki na timu 23. Mwandishi anayejaribu kuyaweka matukio haya matatu kwenye muundo mmoja ili kurasa zifanane atapotosha mawili kati yake.

Na upo msimu mzima uliofutwa. Wa 1939–40 ulikuwa na mechi tatu tu kwa timu nyingi za daraja la juu pale Uingereza ilipotangaza vita tarehe 3 Septemba 1939. Blackpool walikuwa kileleni wakiwa wameshinda zote. Hawakuwa mabingwa wa kitu chochote. Ukurasa wa msimu huo unastahili kuwepo, tena kwa urefu, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari yake ni jinsi ligi za muda za kikanda zilivyoendeshwa wakati wa vita, na kwa nini mabao yaliyofungwa humo hayaingizwi kwenye jumla rasmi za wachezaji.

Pointi za mahakamani

Msimu wa 2023–24 ulikuwa mtihani kwa kila aliyekuwa akihariri kurasa za Ligi Kuu. Everton walikatwa pointi 10 tarehe 17 Novemba 2023 kwa kuvunja kanuni za fedha. Wakakata rufaa; tarehe 26 Februari 2024 adhabu ikapunguzwa hadi 6. Tarehe 8 Aprili wakakatwa nyingine 2 kwa shauri jingine. Katikati, mwezi Machi, Nottingham Forest wakakatwa 4. Everton wakamaliza wa 15 na pointi 40 badala ya 48, Forest wa 17 na 32 badala ya 36.

Jedwali la mwisho litaonyesha 40. Mtu akijumlisha ushindi mara tatu na sare atapata 48, atadhani kuna kosa, na kwa nia njema kabisa atalisahihisha. Nimeona kurasa zikivutwa huku na huko kwa sababu hiyo hiyo. Tanbihi ikae ndani ya jedwali lenyewe, pembeni ya namba, wala isisubiri aya iliyo chini mbali.

Ugumu wake si wa kihasibu tu. Ukurasa unatakiwa kueleza kwamba kati ya Novemba na Februari msimamo uliokuwa ukisomwa ulikuwa tofauti na tunaousoma sasa, na kwamba makocha walipanga timu na klabu zikafanya usajili wa Januari kwa kuangalia msimamo ule. Historia ya msimu inajumuisha hata msimamo uliokuja kubadilishwa.

Mfano mzito zaidi ni Middlesbrough wa 1996–97. Walishindwa kufika Blackburn Desemba 1996 wakidai wachezaji wengi ni wagonjwa au majeruhi, wakakatwa pointi 3, wakamaliza na 39 na kushuka. Bila adhabu wangekuwa na 42 na Coventry ndiyo ingeshuka. Msimu huo huo walifika fainali ya Kombe la FA na ya Kombe la Ligi, wakapoteza zote. Linganisha na Arsenal wa 1990–91, waliokatwa pointi 2 kwa vurugu za Old Trafford (Manchester United walikatwa 1) na bado wakawa mabingwa kwa pointi 83, wakiwa wamepoteza mechi moja tu. Kwa Arsenal adhabu ni tanbihi, ilhali kwa Middlesbrough ndiyo moyo wa ukurasa. Urefu wa maelezo ufuate athari ya tukio, si ukubwa wa klabu.

Msimu wa 2019–20

Ligi Kuu ilisimama tarehe 13 Machi 2020 kwa ajili ya Uviko-19, zikiwa zimebaki mechi 92. Ikarejea 17 Juni, ikaisha 26 Julai. Sanduku la muhtasari upande wa juu wa ukurasa lina nafasi ya tarehe mbili tu, ya kuanza na ya kuisha, na ukizijaza hizo mbili umeficha miezi mitatu ya ukimya. Mechi za kawaida za madaraja ya tatu na ya nne hazikurejea kabisa. Msimamo ukapangwa kwa wastani wa pointi kwa kila mechi. Wycombe Wanderers walikuwa wa nane League One. Wastani ukawapandisha hadi wa tatu, wakaingia mchujo, wakaifunga Oxford United fainali na kupanda Championship kwa mara ya kwanza. Jedwali la msimu huo linahitaji safu ya ziada ya wastani, na kupanga kwa pointi za kawaida ni kurudia kosa la Cardiff na Huddersfield.

Ligi Kuu ya Wanawake nayo iliamuliwa kwa wastani. Manchester City walikuwa kileleni kwa pointi 40 katika mechi 16, Chelsea wa pili kwa 39 katika mechi 15. Chelsea 2.6, City 2.5, ubingwa ukaenda Chelsea. Soka la wanawake la Uingereza lina utata mwingine ambao kurasa nyingi hupita juu juu: ligi hiyo ilianza 2011 ikichezwa kiangazi ndani ya mwaka mmoja, kisha ikahamia kalenda ya Septemba hadi Mei kuanzia 2017–18. Pengo la katikati lilizibwa na mashindano mafupi ya 2017, timu zikikutana mara moja tu, Chelsea wakishinda. Je, huo ni msimu? Mimi ningeuandikia ukurasa wake bila kuuweka kwenye hesabu moja na misimu kamili, na kusema wazi kwamba ulikuwa daraja la kuvukia.

Fainali ya Kombe la FA la Wanawake la 2019–20 ilichezwa tarehe 1 Novemba 2020, msimu mpya ukiwa umeshaanza. Manchester City waliifunga Everton 3–1 baada ya muda wa nyongeza, na bao la kwanza lilifungwa na Sam Mewis, Mmarekani aliyesajiliwa kiangazi kile. Yaani alifunga katika fainali ya msimu ambao, ulipokuwa ukiendelea, hakuwa mchezaji wa klabu hiyo. Bao linahesabiwa kwenye shindano la 2019–20. Kwenye takwimu zake binafsi za klabu ni lazima useme umeliweka msimu upi, na ushikilie utaratibu huo huo kwa wenzake wote. Si jambo jipya. Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Ligi, ya msimu wa 1960–61, Aston Villa na Rotherham waliicheza Agosti na Septemba 1961.

Kwa wasomaji wa Tanzania msimu wa 2019–20 una mtu wao. Mbwana Samatta aliuanza akiwa Genk ya Ubelgiji, akaifunga Liverpool pale Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa mwezi Novemba, akahamia Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari alifunga dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City walishinda 2–1. Ukurasa wa msimu wa Villa unamhesabu kuanzia Januari tu: mabao mawili, moja la ligi na moja la kikombe. Bao la Anfield ni la ukurasa wa Genk na wa Samatta mwenyewe. Nawaelewa wanaotamani kulisogeza, lakini halisogei.

Viporo, wafungaji na ada

Kurasa nyingi za klabu zina jedwali dogo la "nafasi kila raundi". Linapendeza, na ni mtego. Dabi ya Everton na Liverpool ya raundi ya 15 iliahirishwa tarehe 7 Desemba 2024 kwa sababu ya kimbunga, ikachezwa 12 Februari 2025, ikaisha 2–2 kwa bao la James Tarkowski dakika za nyongeza. Ilikuwa dabi ya mwisho ya ligi ya wanaume katika uwanja wa Goodison Park. Ukipanga kwa namba za raundi, pointi ya Februari itaingia Desemba. Panga kwa tarehe mechi ilipochezwa, viporo navyo vitajipanga vyenyewe.

Kwa wafungaji, amua kwanza mechi zipi ni za ushindani. Tottenham husema Jimmy Greaves aliwafungia mabao 266, na Harry Kane akamvuka tarehe 5 Februari 2023. Wengine huandika 268, wakijumlisha mawili ya Ngao ya Hisani ya 1962 dhidi ya Ipswich, mechi ambayo leo tunaiita Ngao ya Jamii. Kamusi elezo haichagui kwa mapenzi. Inaandika 266, inamtaja anayehesabu hivyo, inaeleza yale mawili yametoka wapi, na kwenye ukurasa wa msimu husika inafuata utaratibu huo huo kwa kila mchezaji.

Ada za usajili ndizo namba dhaifu kuliko zote. Klabu nyingi hazizitangazi, na magazeti hutofautiana kwa mamilioni. Kama klabu haikusema, andika kwamba haikutangazwa. Kiasi kilichoripotiwa kikiwekwa, kiambatane na aliyekiripoti. Na jumla ya matumizi ya dirisha, inayopatikana kwa kujumlisha makisio kumi, iachwe.

Maneno, na pale yanapokoma

Tarehe 17 Juni 2020, mechi ya kwanza baada ya mapumziko ya Uviko-19, kipa wa Aston Villa aliubeba mpira hadi nyuma ya mstari dhidi ya Sheffield United. Teknolojia ya mstari wa goli haikutoa ishara, mechi ikaisha 0–0, na kampuni inayoiendesha ikaomba radhi ikisema kamera zake zilizibwa. Villa walinusurika kushuka kwa pointi moja, 35 kwa 34 za Bournemouth na Watford.

Ukurasa unaweza kusema yote hayo. Hauwezi kusema Bournemouth walidhulumiwa, wala kwamba Villa walibebwa, hata kama kibanda umiza kizima kilikubaliana hivyo usiku ule. Ikiwa wachambuzi au klabu walisema, waandike kwa majina yao. Vionjo kama "ushindi mnono" na "kichapo cha mbwa koko", ambavyo ni haki ya mtangazaji, havina kazi hapa, 5–0 inajieleza.

Maelezo ya mechi usiyanakili. Tukio halina mwenyewe, ila sentensi za mwandishi wa gazeti ni mali yake. Hata ratiba imewahi kugombaniwa: mwaka 1959 mahakama ya Uingereza iliipa Ligi hakimiliki ya ratiba ya mechi dhidi ya kampuni ya kubahatisha, babu wa mikeka ya leo. Tarehe 1 Machi 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua, katika shauri kati ya Football Dataco, kampuni inayouza haki za ratiba kwa niaba ya ligi, na Yahoo, kwamba ratiba iliyotungwa kwa kufuata kanuni zisizoacha nafasi ya ubunifu haina hakimiliki hiyo. Nembo za klabu na picha za wapiga picha ni habari nyingine, nazo bado zina wenyewe.

Halafu kuna swali la lini ukurasa umekamilika. Ligi Kuu ya 2024–25 iliisha tarehe 25 Mei 2025, Liverpool wakiwa mabingwa kwa pointi 84 na Mohamed Salah mfungaji bora kwa mabao 29. Safu ya mwisho ya jedwali, inayoonyesha nani anakwenda Ulaya, haikuisha siku hiyo. Tottenham, wa 17 kwa pointi 38, walikuwa wameingia Ligi ya Mabingwa kwa kushinda Ligi ya Europa. Crystal Palace, wa 12, walikuwa wameitoa Manchester City 1–0 kwenye fainali ya Kombe la FA tarehe 17 Mei, taji lao kubwa la kwanza, na nafasi yao ikawa Ligi ya Europa. Tarehe 11 Julai UEFA ikawashusha hadi Ligi ya Konferensi, kwa kuwa mwekezaji wao alikuwa na hisa pia katika Lyon, klabu ya Ufaransa. Palace wakaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, wakashindwa tarehe 11 Agosti, na Nottingham Forest, wa saba, wakachukua nafasi yao ya Europa. Siku nne baadaye msimu wa 2025–26 ulianza. Kwa hiyo tanbihi ya Palace katika jedwali la 2024–25 inabeba tarehe tatu, na ya Forest inamwelekeza msomaji huko huko.